Aliyelipwa asipige kura

Ndugu Mhariri,

Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji, sio mwandishi, ila hii habari ya madaktari wanaolipwa na kampuni kukaa kwenye kamati za kuandika miongozo ya matibabu imenikaa kooni. Wengi wanasema daktari akishatangaza kwamba kampuni fulani inamlipa basi yameisha. Yameisha wapi jamani? Ni sawa na mtu akwambie kabisa mimi ni mjomba wa bwana harusi, halafu akae upande wa bibi harusi kupanga mahari.

Chukueni ile ishu ya utafiti wa EXCEL. Wagonjwa 1,905 wenye tatizo kwenye mshipa mkuu wa kushoto wa moyo, nusu wakawekewa stenti, yaani kijibomba cha kuuachanisha mshipa, nusu wakapasuliwa kifua wakafanyiwa baipasi, yaani kuwekewa njia nyingine ya damu. Hela ya utafiti ilitoka kampuni ya vifaa vya tiba ya Abbott, na stenti zenyewe za Abbott. Majibu ya miaka 5 yakatoka 2019, ukijumlisha vifo, kiharusi na shambulio la moyo wakasema hakuna tofauti ya maana, lakini ukiangalia vifo peke yake unakuta asilimia 13.0 kwenye stenti na 9.9 kwenye baipasi. Profesa David Taggart wa Oxford, aliyekuwa anaongoza kamati ya upasuaji ndani ya utafiti huo huo, akaomba jina lake litolewe kwenye orodha ya waandishi. Desemba mwaka huo BBC wakairusha habari hiyo, na EACTS, chama cha wapasuaji wa moyo Ulaya, wakaondoa mkono wao kwenye kipengele cha tatizo hilo la mshipa, ndani ya mwongozo wa 2018 walioandika pamoja na ESC, chama cha madaktari wa moyo Ulaya. Mwongozo wenyewe ulishasomwa dunia nzima.

Wapasuaji nao sio malaika, wanakula kwa kisu, kwa hiyo na wao wapimwe hivyo hivyo.

Institute of Medicine, taasisi ya ushauri wa afya ya Marekani, walishasema tangu 2011, mwenyekiti asiwe na maslahi na wenye maslahi wawe wachache kwenye kamati. Mimi naongeza, kura ikifika watoke nje kabisa, waitwe baadaye.

Maana hata huku chini yapo. Juzi juzi tulikaa kikao cha kuchagua nyuzi za kushonea, sambusa na soda kaleta kijana wa kampuni inayouza nyuzi, akakaa kiti cha nyuma mpaka mwisho anachezea simu na hakuna aliyemuuliza unafanya nini hapa. Na mimi sambusa nilikula mbili.

Nesi, Dar es Salaam