Miguu ya bibi na kidonge cha presha

Mwanangu,

Mpe bibi shikamoo yangu, na umwambie asiache amlodipini, kidonge chake cha presha. Uvimbe wa miguu ulionieleza unajulikana sana kwa dawa hii, hasa mtu akipandishwa kutoka miligramu 5 kwenda 10 kama yeye.

Leo jioni mketishe, mbonyeze kwa kidole gumba kwenye muundi, juu kidogo ya kifundo, uhesabu mpaka kumi. Ukiondoa kidole pakabaki kishimo, hayo ni maji. Kisha jaribu mguu wa pili. Uvimbe wa amlodipini hushika miguu yote miwili, huzidi jioni na kupungua asubuhi. Ukiona mguu mmoja tu umevimba, una joto na unauma, usisingizie kidonge: huenda damu imeganda mshipani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mpeleke pia akikosa pumzi anapolala chali, au uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku chache. Hapo moyo na figo vinatakiwa kupimwa.

Dawa hii hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile inayoirudisha hailegei kiasi hicho. Damu inaingia kwa nguvu, inachelewa kutoka, maji yanachuja na kutuama kwenye nyama za miguu. Ndiyo maana vidonge vya kukojoa, ambavyo hakosi jirani wa kumshauri, havisaidii sana hapa. Atakesha chooni, madini ya potasiamu yatashuka mwilini, na viatu vitaendelea kumbana. Muulize daktari kama anaweza kumrudisha kwenye 5, au kumwongezea losartani, dawa nyingine ya presha, ambayo hulegeza na mishipa ya kurudisha damu. Kwa sasa ainue miguu juu ya mto akipumzika.

Kichwa kuuma, uso kuwaka na moyo kwenda mbio huja wiki za mwanzo, kwa wengi hupita. Fizi kuvimba ni nadra, ila mchunguze.

Akisahau kidonge na hazijapita saa 12 tangu muda wake wa kukimeza, ameze. Zikipita, aruke, asubiri cha kesho. Asimeze viwili kwa mpigo. Dawa hii haina haraka: nusu yake hutoka mwilini baada ya saa 30 hadi 50, na nguvu yake hutulia baada ya wiki hivi. Kwa hiyo kipimo kikibadilishwa, usihukumu kwa presha ya siku ya pili.

Ninachokitilia shaka zaidi ni dawa za maumivu ya magoti. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kuzuia maji mwilini, na dukani huuzwa kama pipi. Paracetamoli ni afadhali. Na kama anatumia simvastatini ya lehemu, isizidi miligramu 20 kwa siku akiwa na amlodipini.

Mpime presha asubuhi na jioni kwa siku 7, akiwa ameketi dakika 5 bila kuongea, uandike namba zote. Zipeleke kliniki pamoja na pakiti za kila anachomeza, hata zile anazoficha chini ya mto.

Mama yako