Johannesburg si majumba marefu pekee

Mhariri,

Makala yako juu ya utajiri wa Johannesburg yamenifurahisha, ila yamepita mbio kwenye chanzo chake. Mji ule hauna bandari wala mto mkubwa. Sisi wa Mombasa, tuliolelewa na bandari ya Kilindini, twaustaajabia. Uliota mwaka 1886, baada ya dhahabu kuonekana katika shamba la Langlaagte. Nayo haikuwa ya kuokota: ilikuwa chembe ndogo ndani ya mwamba unaozama chini sana, hivyo mwenye sururu na karai alishindwa upesi, wakaingia matajiri wenye mashine na sianidi, kemikali ya kutoa dhahabu kwenye mawe yaliyosagwa, na maelfu ya vibarua kutoka Msumbiji, Lesotho na Nyasaland (Malawi ya leo), waliolazwa makambini juu ya vitanda vya saruji kwa ujira usiolingana kabisa na wa wazungu.

Vifusi vya migodi hiyo vingali pale, vilima vya mchanga wa manjano ambao upepo wa Agosti huupeperusha hadi kwenye nguo zilizoanikwa.

Mkiandika tena, tafadhali watajeni na wale waliorudi makwao na vumbi la mawe mapafuni.

Msomaji wako,
Majengo, Mombasa