Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Mbegu za Mboga, Wilaya ya Uyui, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Viongozi wa serikali na wa dini. Ndugu wanakijiji: itifaki imezingatiwa. Karibu shambani kwetu. Tunalo jambo moja la kukueleza, nalo ni mbegu ya mboga.

Uyui inasifika kwa tumbaku na asali, lakini kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, sabuni na madaftari ya watoto hutoka kwenye bustani za bondeni. Nyanya na tumbaku ni ukoo mmoja, hivyo minyoo fundo, wale wadogo wanaovimbisha mizizi, walionona kwenye tumbaku huishambulia nyanya inayofuata. Juu ya ardhi yupo kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, na wapo wanaopulizia dawa hadi wiki ya kuvuna. Hilo linatuumiza, maana walaji ni watoto wetu.

Kwa hiyo kinga tunaianzia kwenye mbegu. Tengeru, Arusha, watafiti walitoa nyanya ya Tengeru 97 inayostahimili minyoo fundo, nayo si chotara, yaani si mbegu ya kuchanganya wazazi wawili tofauti. Ukichagua tunda zuri, ukachachusha mbegu, ukaosha na kukausha kivulini, mwakani unavuna nyanya ileile. Chotara huzaa sana, hatuikatai, ila mbegu zake ukizirudisha shambani hutoa mchanganyiko.

Jasho letu kubwa limemwagika kwenye mgagani, mboga yetu ya majani ya kienyeji. Mgagani wa huku huwahi kuchanua, na ukishachanua majani hudumaa. Tunafunga uzi kwenye mashina yanayochelewa, tunang'oa yaliyowahi kabla chavua haijasambaa, kisha tunaacha yenye uzi peke yake yakomae. Anayekula mashina bora na kubakiza yaliyodumaa yawe mbegu, anachagua udhaifu bila kujua. Kazi hii haina gharama, ina uvumilivu tu, na akina mama ndio wanaoibeba.

Mheshimiwa, mbegu hii ya mgagani haturuhusiwi kuiuza. Kisheria, aina lazima ipimwe kwanza utofauti, usawa na uthabiti wake, kisha isajiliwe. Tunaiheshimu Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, kwani mbegu feki zimewaliza wengi. Ila kikundi cha kijijini hakiwezi kuifika ngazi hiyo peke yake. Tunaomba ofisi yako itukutanishe na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi, jirani zetu, waujaribu mgagani wetu kwenye udongo huu wa kichanga kando ya aina nyingine. Tunaomba pia TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, waje kutukagua, ili wakati tukisubiri tuzalishe mbegu za kuazimiwa ubora, yaani zile ambazo wakulima wadogo huzalisha chini ya ukaguzi, za aina zilizokwisha kusajiliwa, kama mnafu wa Nduruma na mchicha wa Madiira.

Mbegu ya kupeleka Tumbi tumeshaipepeta na kuifunga. Tunaikabidhi mikononi mwako leo pamoja na risala hii.

Tunaomba kuwasilisha.