Wazee tuache kuwatia hofu wake wa wana wetu

Mhariri,

Mimi ni mama mkwe, mkazi wa Nyalenda, Kisumu. Mkazamwana wangu alipojifungua mara ya pili, mtoto hajafikisha hata mwaka, nilianza kumwuliza ni lini atazaa mwenye jina la marehemu babu. Kumbe alikuwa akidungwa sindano ya kupanga uzazi kila miezi 3, kadi ya kliniki ameificha kwenye debe la unga. Iliniuma sana. Si kwa kufichwa, bali kwa kujua kuwa ni mimi niliyemtia hofu.

Tunawaambia sindano huua kizazi. Si kweli. Ukiiacha, mimba inaweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, kisha uwezo wa kuzaa hurudi. Kijiti cha kupanga uzazi kinachowekwa mkononi kikitolewa, hurudi upesi zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Nayo Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa haki ya huduma za afya ya uzazi.

Wauguzi, tafadhali tualikeni kliniki sisi wazee pia, mtueleze wakazamwana wetu wakisikia.

Mama mkwe,
Kisumu