Maandalizi ya beti za watoto

Ndugu walimu,

Jumamosi tutakapokutana Ujiji, kila mmoja aje na ubeti mmoja wa tarbia unaomfaa mtoto wa darasa la tano, wenye mishororo (mistari) minne ya mizani (silabi) 16, nane kwa nane. Nimeanza hivi:

Dagaa wa Kibirizi, wang'aa kama shilingi,
Ziwa lapiga miluzi, lacheka na watu wengi.

Mshororo wa kwanza una tashbihi (kufananisha kwa "kama"), wa pili tashihisi (kukipa kitu tabia ya mtu), na vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa kila nusu ya mshororo, ni zi na ngi. Watoto wahesabu mizani kwa makofi kabla ya kutajiwa istilahi yoyote, nanyi muwe macho kwenye "wang'aa", kwa kuwa wengi huipigia makofi mawili badala ya matatu. Mishororo miwili iliyobaki nawaachia ninyi.

Mratibu