Tangazo lisilo na sehemu ya tarehe ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi ambayo fundi huifanya siku ya kwanza ya kuunda tovuti, na ambayo viongozi wa ofisi zetu hawaiulizii kamwe: kuchagua sehemu za kujaza zitakazokuwamo tangu mwanzo katika kila aina ya maudhui, yaani kila aina ya kinachowekwa kwenye tovuti, kama vile habari au tangazo.

Drupal, programu ya kuundia tovuti, ikiwekwa kwa mpangilio wake wa kawaida, huja na aina mbili: makala, yenye kichwa, matini, picha na lebo, pamoja na ukurasa wa kawaida, wenye kichwa na matini basi. Mpangilio huo unamfaa mwandishi wa habari, lakini haulifai tangazo la zabuni. Jirani yangu alitoka Kalinzi hadi Kigoma mjini kupeleka maombi ya kuuza maharage, akaambiwa muda ulikwisha siku tatu nyuma. Tovuti ya ofisi husika ilionyesha tarehe ya kupandishwa tangazo peke yake. Tarehe ya mwisho ilikuwa ndani ya picha ya barua yenye mhuri, ambayo kwenye simu yake ndogo haikusomeka. Nauli ile hakuna aliyemrudishia.

Kwa maoni yangu, zaidi ya kichwa na maelezo, tangazo liwe na sehemu nne za lazima: tarehe ya mwisho, saa, mahali na namba ya kuulizia. Tarehe iwe ya aina ya tarehe, si maandishi huru, maana programu haiwezi kuyapanga matangazo wala kuyaondoa yaliyopitwa na wakati ikiwa karani mmoja ameandika "5/3" na mwenzake "tarehe tano Machi". Saa nayo inataka uangalifu wa pekee kwetu sisi, kwa kuwa karani mwenye saa tatu asubuhi akilini huandika 3:00, na mfumo huichukua kuwa saa tisa usiku. Pembeni pawepo maelezo mafupi ya kumwelekeza aandike 9:00.

Tarehe ya kutolewa na ijijaze yenyewe kuwa ya leo. Mkoa usijijaze. Nimeona fomu iliyokuja na Dar es Salaam imekwisha kuchaguliwa, karani akaipita, na mafunzo ya Kasulu yakatangazwa kuwa yako huko.

Wala sitetei wingi, kwa sababu fomu yenye sehemu ishirini hujazwa vistari. Lakini kosa la mwanzo ni ghali kulirekebisha: sehemu ikifutwa katika Drupal, yaliyojazwa humo hufutika nayo, na ikiongezwa baadaye, matangazo ya zamani hubaki na pengo mpaka mtu ayapitie moja moja.

Ninaziomba ofisi za mkoa wetu, kabla fundi hajagusa kompyuta, zimkalishe pamoja na karani wa masjala na matangazo ya mwaka jana mezani, wapige mstari chini ya kila jambo ambalo wananchi walilazimika kupiga simu kuliuliza.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma