Usiipake Rangi Ile Volkswagen

Voi,
Jumapili jioni

Kwa sahibu yangu Baba Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe pamoja na mama watoto na wajukuu wote. Barua yako niliipokea Jumanne pamoja na zile picha mbili, na picha ya pili niliitazama kwa muda mrefu kuliko nilioutumia kuisoma barua yenyewe. Umenieleza kwamba mlipofungua sanduku la marehemu baba yako mlikuta kigari kidogo cha chuma, chekundu, kilichobambuka rangi, chenye gurudumu la akiba juu ya paa, na kwamba fundi mmoja wa mtaani kwenu amejitolea kukipulizia rangi mpya ili kipendeze machoni pa mjukuu. Unaniuliza ni rangi gani inayofaa. Jibu langu nalitanguliza kabla ya jambo jingine lolote: usikipake rangi, na kama fundi huyo amekwisha kukichukua, tafadhali kakifuate leo.

Kwa kadiri ninavyoona katika picha, ulicho nacho ni Volkswagen 1200 ya Corgi iliyopambwa kwa ajili ya yale mashindano ya magari ya East African Safari, namba 256 katika orodha yao, iliyouzwa katikati ya miaka ya 1960. Corgi lilikuwa jina la biashara la Mettoy, kampuni ya vitu vya kuchezea, na vigari hivyo vilianza kutengenezwa Swansea, katika nchi ya Wales, mwaka 1956. Jambo walilojivunia tangu siku ya kwanza ni kwamba vigari vyao vilikuwa na vioo madirishani, wakati vile vya Dinky, washindani wao waliowatangulia kwa zaidi ya miaka 20, vilikuwa na matundu matupu. Nao hawakuichagua Volkswagen kwa kubahatisha, kwani gari hilo la kawaida kabisa, ambalo hata walimu na mapadri walilimiliki, lilikuwa limeshinda mashindano ya Safari mwaka 1954, mwaka 1957 na tena mwaka 1962. Ninapofikiri kwamba watu wa Corgi, ambao wengi wao hawakupata kuliona vumbi letu, walikaa na kuchonga umbo la gari lililopita katika barabara zetu, naona kigari hicho kina haki ya kubaki kama walivyokiacha.

Sasa fanya jambo moja kwa ajili yangu. Shika lile gurudumu la paani kwa vidole viwili, ulizungushe taratibu bila kulilazimisha, kisha utazame magurudumu ya mbele. Yatapinda. Usukani wa kigari hicho ni hilo gurudumu la akiba. Je, hilo halikukumbushi chochote? Wewe ukiwa Tanga na mimi nikiwa hapa Voi, miaka mingi kabla hatujakutana katika bweni moja kule Mombasa, sote wawili tulikuwa tukiendesha magari ya waya yenye usukani wa namna hiyo hiyo: ufito mrefu ulipanda kutoka kwenye ekseli ya mbele, ukatoboa paa, ukafika kiunoni mwa mtoto, na juu yake palikuwa na duara la kushikia. Magurudumu tuliyakata kutoka kwenye malapa yaliyochakaa, ambayo ninyi mnayaita kandambili, na taa zilikuwa vifuniko vya soda. Mkono wa mtoto hauwezi kuingia ndani ya kigari, kwa hiyo usukani hauna budi kutokea juu. Wahandisi wa Corgi na watoto wa huku walifikia jawabu moja bila kuambizana, na kila nikilifikiria jambo hili moyo wangu hufurahi.

Huko kwenye waya ndiko nilikojifunza kipimo, ingawa sikujua kwamba najifunza. Mganga wa zahanati yetu alikuwa na Peugeot 404, nami niliomba ruhusa ya kuipima kwa kamba ya katani, kwa kuwa katani hapa Voi haikuwa kitu cha kununua. Nilitandaza kamba kutoka bampa ya mbele hadi ya nyuma, nikaikunja katikati, nikaikunja tena, kisha mara ya tatu, na urefu uliobaki ndio uliokuwa urefu wa gari langu la waya. Nilifanya vivyo hivyo kwa upana, kwa kimo, na kwa umbali kati ya gurudumu na gurudumu. Kukunja mara tatu ni kugawanya kwa nane, na gari la mita nne na nusu kasoro likawa la nusu mita na kidogo. Wenzangu waliliona gari lile wakasema ni Peugeot kabla sijawaambia. Baadaye, nilipokaa miaka mingi mezani nikichora ramani za 1 kwa 50,000, nilikuwa naendelea na kazi ile ile ya kamba, na jioni nilipofika nyumbani nikageukia modeli, yaani vigari vya plastiki vya kuunda kwa vipande, za 1 kwa 24, sikuona kama nimebadilisha shughuli.

Nakueleza haya ili ujue kwamba ninapokukataza rangi siwatetei wakusanyaji wanaopenda kufungia vitu kabatini. Nakukataza kwa sababu mimi mwenyewe nilikwisha kosa. Mwaka 1984 nilikuwa na Peugeot 404 ya Dinky, ile iliyotengenezwa Ufaransa, aliyonipa kaka yangu mkubwa alipoondoka nyumbani. Ilikuwa imechubuka pembe zote kwa kusukumwa juu ya sakafu ya saruji na vidole vyake, halafu vyangu. Nilikuwa kijana mwenye mshahara, nikajiona fundi, nikaitumbukiza katika dawa ya kuondolea rangi, nikaisugua hadi ikabaki chuma kitupu cha kijivu, kisha nikaipaka rangi nyeupe inayong'aa. Ilipendeza kwa muda wa wiki moja hivi. Kisha kaka yangu akafariki, na siku niliyokitwaa kigari kile ili nikumbuke alivyokuwa akikishika, sikuona alama hata moja ya mkono wake. Nilikuwa nimeifuta kazi yake kwa brashi yangu mwenyewe. Bado ninacho, na kila mwaka nakipangusa vumbi, lakini michubuko ile hakuna rangi inayoweza kuirudisha.

Hiyo michubuko katika Volkswagen yako ni ya baba yako, au ni yako mwenyewe ulipokuwa mdogo kiasi cha kutokumbuka. Iache.

Kukisafisha si kosa, ila kiwe kwa upole. Chukua maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo sana na brashi laini ya kuchorea, upite kwenye rangi tu, na usiiloweshe karatasi ya maandishi iliyobandikwa, kwa maana gundi yake ina umri wa miaka 60 na ikishaachia haitashika tena. Kikauke kivulini. Ekseli zake ni za chuma cha kawaida na hewa ya chumvi ya huko kwenu haizihurumii, kwa hiyo zipe tone moja moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano. Usikiweke dirishani penye jua. Kuhusu hofu yako kwamba chuma chake kitavunjika chenyewe, kama ulivyosikia kwa yule jamaa, hilo ni kweli kwa vigari vingi vya kabla ya Vita Kuu ya Pili, ambavyo aloi yake ya zinki iliingiwa na risasi kidogo wakati wa kuyeyushwa, ikawa inapasuka na kumomonyoka kama biskuti baada ya miaka mingi. Chako ni cha wakati ambapo waundaji walikwisha kuwa waangalifu na usafi wa zinki, na katika picha sioni ufa wowote.

Najua utasema kwamba mjukuu anangoja kitu kinachong'aa. Mpe, lakini kiwe kingine, na mkiunde pamoja. Tamiya, wale Wajapani wa Shizuoka ambao walianza na biashara ya mbao mwaka 1946 kabla ya kugeukia plastiki, wana sanduku la Volkswagen ya mwaka 1966 katika kipimo cha 1 kwa 24, na vipande vyake hukutana vizuri sana hata mikononi mwa anayeanza. Huyo mtoto mwache akate vipande kwenye vishikizo vyake, asugue kwa msasa laini, na akosee. Ile rangi ya gari uliyokwisha kuinunua isipuliziwe moja kwa moja kwenye plastiki, maana thina yake ni kali na inaweza kuila. Tangulizeni rangi ya chini iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli. Pulizieni tabaka tatu nyembamba badala ya moja nzito. Fikiria kwamba mwanya wa mlango wa gari halisi ni kama milimita tano. Ukigawanya kwa 24 unabaki na sehemu ya tano ya milimita, na tabaka moja zito linatosha kuuziba mwanya huo kabisa, gari likaonekana kama sabuni yenye magurudumu. Wala msipulizie siku ya mvua, kwa sababu unyevu huingia katika rangi kabla haijakauka na kuifanya iwe na ukungu mweupe.

Mimi hivi sasa niko kwenye modeli ya Datsun 240Z ya Hasegawa, nao ni Wajapani, gari ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia Safari ya mwaka 1971, namba 11, nyekundu yenye boneti nyeusi. Nyekundu ikikaa juu ya rangi ya chini ya kijivu hufifia, kwa hiyo nimetanguliza tabaka la waridi, na nimeridhika na matokeo. Lakini kilichonichukua miezi miwili ni udongo. Wengi huunda magari ya Safari yakiwa safi kama yametoka dukani, na mimi siwezi kuyakubali. Wewe unakumbuka kwamba mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza, na kwamba gari lililopita mbele yetu tulilitambua kwa sauti, kwa maana rangi yake haikuonekana tena. Gari hilo likiwa safi, hilo si gari tuliloliona.

Basi nilikwenda kuchota udongo ule ule, kando ya barabara kuu hapa Voi, mwekundu kama unavyoujua. Tatizo ni kipimo. Punje ya mchanga ya milimita moja ikikaa juu ya modeli ya 1 kwa 24 ni jiwe la zaidi ya sentimita mbili, na gari lililofunikwa kwa mawe ya namna hiyo halifanani na kitu chochote duniani. Niliutwanga udongo kinuni, nikauchekecha kwa kitambaa cha soksi nyembamba ya mama watoto, nikautwanga tena, hadi ukawa laini kama unga wa wanja. Nikauchanganya na maji na vanishi kidogo isiyong'aa, nikaupaka kwa mujibu wa njia za maji na upepo: mzito nyuma ya magurudumu na chini ya milango, mwembamba ubavuni, na vumbi kavu kwenye kioo cha nyuma, kwa kuwa gari lenye mgongo mteremko kama ule hujivutia vumbi lake lenyewe. Kwenye kioo cha mbele nilikata karatasi mbili zenye umbo la njia ya waipa, nikazibandika kabla ya kupaka, na nilipozibandua zilibaki pinde mbili safi ambazo dereva angeona njia kupitia humo. Jana usiku niliiweka chini ya taa, nikainama hadi macho yangu yakawa sawa na barabara, na kwa muda mfupi nilikuwa na umri wa miaka tisa.

Ukipenda, nitakutumia mfuko mdogo wa udongo huu uliokwisha kuchekechwa, ili Volkswagen ya mjukuu nayo ipate sehemu yake. Wewe nawe nichotee wa barabara ya Korogwe, kwa maana nina Peugeot 404 nyingine ninayoikusudia iwe ile ya Bert Shankland, aliyewapa Watanzania ushindi wa mwaka 1966 na wa mwaka 1967, na sitaki kuipaka udongo wa Kenya.

Jambo la mwisho ni hili. Kigari chako kilipouzwa dukani, ndani ya sanduku lake kulikuwa na kifaru mdogo. Wakati ule hapa Tsavo, nyuma ya nyumba zetu, vifaru walikuwa maelfu, na dereva wa Safari aliyepita usiku alikuwa na sababu ya kuwaogopa. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ukawamaliza karibu wote, na waliobaki wanalindwa kwa bunduki na kwa uzio. Kwa hiyo naomba uchunguze tena lile sanduku la baba, chini ya kitambaa na pembeni, na umuulize pia dada yako kama hakuwahi kuchezea mnyama kama huyo. Ukimpata, hata akiwa amevunjika pembe, mpige picha karibu na rula na unitumie.

Mimi rafiki yako,
Baba Wakesho